Mteremko Wangu na Mkono wa Rhobi

Februari 18, 2013

Mimi Mogesi nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili. Nimeona nzige wakila mtama mpaka mabua, nimerudi mzima kutoka vita ya Kagera, nimepona kipindupindu kilichomaliza nyumba nzima ya jirani, na wezi wa ng'ombe walinipiga mshale pajani nikauchomoa mwenyewe. Wote tuliotahiriwa pamoja wamekwisha, nimebaki mimi na Nashoni wa mashine ya kusaga, naye sikio moja limekufa. Wenyeviti wa kijiji wanaingia na kutoka, mimi nipo.

Kuandika nilifundishwa ukubwani, enzi za kisomo cha watu wazima. Herufi zangu ni kubwa kama maksai lakini zinasomeka. Naanza kuandika leo kwa sababu moja tu: mwanamke wa halmashauri amenidharau kwenye jengo langu, na masika yakiisha nitampeleka kwa wakubwa wake nikiwa na maneno yake yote, siku kwa siku. Asije akakana.

Nyangoto nzima inalijua jengo langu. Fremu sita za maduka, bati za rangi, kibaraza kirefu, na msingi unaonifika kiunoni, kwa sababu maji ya mlimani wakati wa masika hayana adabu. Mbele nimeweka ngazi za mawe. Mawe hayo nimeyachonga kwa mkono wangu, kila jiwe na ukingo wake, hata wembe hauingii katikati. Wanaapolo, wachimbaji wadogo, wakitoka kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu, wanapita majengo ya wengine, wanakuja kusimama kwenye ngazi zangu kupiga picha kwa simu.

Sasa huyo mwanamke. Anaitwa Felistas Awino, Mjaluo wa kule ziwani, mkaguzi wa majengo. Alishuka kwenye gari na futi ya kupimia, na nyuma ya gari alikuwa na kiti cha magurudumu kitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umepotea njia, binti. Mnada wa samaki uko chini kule."

"Samaki nimeacha nyumbani. Leo nimekuja kula jengo lako."

Watu wakacheka. Akashusha kile kiti, akakiweka mbele ya ngazi zangu, akanionyesha kwa mkono. "Kaa."

"Nikae wapi?"

"Hapa. Kisha uingie dukani kwako."

"Mimi nina miguu."

"Ndiyo maana nakuomba, baba."

Nilikataa. Mimi sikai kwenye kiti cha wagonjwa mbele ya watu. Akaanza kunieleza kwamba jengo la biashara, jipya au lililokarabatiwa, lazima mtu wa kiti cha magurudumu aingie mwenyewe, kwa mlango wa mbele, anunue, aende choo, atoke. Mwenyewe. Hilo neno alilirudia kama ananifundisha kuhesabu. Ngazi hazitoshi, niweke mteremko kando yake. Na mteremko una kanuni: kwa kila kipimo kimoja cha kwenda juu, uende mbele vipimo kumi na viwili.

Nikapiga hesabu haraka, hesabu siyo shida kwangu. "Huo siyo mteremko, ni barabara! Utaanzia kwenye maegesho ya pikipiki na utakula ngazi zangu zote."

"Basi uache uzile."

"Binti, sisi hapa tunabebana. Vijana wamejaa. Mtu akija na kiti chake, wanne wanamnyanyua, huyo yuko juu."

Akaangalia fremu ya kwanza. Mlangoni nilikuwa nimeshaandika kwa rangi: FUNDI CHEREHANI RHOBI. Rhobi ni mke wa mwanangu Elia. Mwaka juzi alikuwa anaponda mawe ya dhahabu pembeni ya duara, ukingo ukaporomoka ukamlalia mgongo. Miguu haijaamka tena. Hospitali walimpa kiti. Tangu hapo anakaa uani kwangu na cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, anashona viraka. Aliniambia kupitia kwa mume wake kwamba akikaa uani mwaka mwingine atasahau sura za watu. Nikampa fremu ya kwanza. Mimi si mtu mbaya.

"Huyu Rhobi ndiye yule wa kwenye kiti?" Felistas akauliza.

"Ndiye. Mkamwana wangu."

"Vijana wakiwa hawapo, atabebwa na nani? Na wewe?"

Nikacheka. "Baba mkwe hamgusi mkamwana wake. Kwetu Wakurya hata mkono hatupeani. Ninyi wa samaki hamwezi kujua."

"Tunajua, baba. Hata kwetu baba mkwe ana heshima zake. Ndiyo maana nauliza."

Akasema nisiruhusu mtu aingie kufanya biashara mpaka nirekebishe, na nina muda mpaka mwisho wa masika. Amenipa na makaratasi. Nimeyaweka chini ya debe la mahindi.

Februari 19

Mvua ya kwanza. Msingi wangu haukuguswa na maji. Ya jirani yameingia ndani.

Machi 4

Nimemaliza mteremko. Anataka mteremko, ameupata. Nimeuweka kushoto kwa ngazi bila kugusa hata jiwe moja. Hauna urefu wa kijinga kama alivyosema, hatua zangu chache tu na mtu yuko kibarazani. Nimeupiga niru ya simenti laini kama sakafu ya sebule ya padri, unang'aa, ukiinama unaona uso wako. Nashoni alikuja kutazama.

"Mogesi, hii ni njia au ni paa?"

"Unaongea kwa wivu."

"Eh?" Sikio lake.

"WIVU!"

"Sawa. Lakini mbuzi wangu hatapanda hapo."

Machi 6

Mbuzi wa Nashoni alipanda. Kushuka ndiyo aliteleza. Mbuzi ni mjinga.

Machi 12

Leo nimetukanwa bila tusi.

Felistas alikuja saa ya soko, watu wamejaa. Akautazama mteremko wangu kutoka chini mpaka juu. Akapitisha kiatu juu ya niru, akatingisha kichwa. "Zege la njia hukwaruzwa kwa fagio likiwa bado bichi, baba, ili gurudumu na mguu vishike. Hili umelipaka mafuta. Na kingo ziko wapi? Gurudumu likienda pembeni linaangukia wapi?"

"Kwani mtu ni kipofu aende pembeni?"

Akamwomba kijana amletee mfuko wa simenti kutoka stoo yangu mwenyewe. Akaukalisha mfuko kwenye kile kiti chake kitupu, akaufunga kwa khanga kama mtoto. Vijana wawili wakausukuma mpaka juu, wanahema. Akasema, "Geuzeni kiti. Mwacheni ashuke."

Wakamwachia. Jamani. Kile kiti kilishuka kama ng'ombe aliyechomwa moto, kikaruka pembeni, kikapiga pikipiki mbili na mfuko ukapasuka kwenye meza ya Agustina, mama wa chai na maandazi. Agustina akawa mweupe kama mzungu, mpaka kope.

"Huyo alikuwa mkamwana wako," Felistas akasema. Hakusema kwa sauti. Hilo ndilo nililolichukia zaidi.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikamwambia, "Mfuko wa simenti hauna akili. Mtu ana akili, atashika breki." Akaandika kwamba jengo halijapita, akaondoka.

Nimeandika yote. Wakubwa wake watasoma namna anavyoharibu simenti ya watu.

Machi 13

Mvua. Nina hasira.

Machi 20

Nimefungua. Siwezi kungoja ruhusa ya mwanamke kwenye jengo nililojenga mimi. Wapangaji wameingia, na Rhobi ameanza kazi. Vijana wanne walimnyanyua na kiti chake kwenye ngazi, kama nilivyosema. Walikuwa wanaimba na kutania, "Bibi harusi anapita! Mwenye dhahabu afungue njia!" Elia mwenyewe alishika gurudumu moja. Mimi nilisimama juu kibarazani nikageuza uso pembeni, kama inavyotakiwa.

Niliona kidogo tu. Rhobi alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa.

Nikamtumia neno kupitia kwa Elia: mbona amejifunika siku ya furaha? Jibu likarudi kwamba ni vumbi.

Mvua ilinyesha jana usiku kucha. Hapakuwa na vumbi.

Machi 23

Mashono yameanza kuja. Sare za shule, suruali za wanaapolo zilizochanika magotini. Cherehani inalia kutwa. Nikiwa kibarazani nasikia anaimba.

Machi 26

Agustina ni mwanamke wa mdomo. Leo amenikalia mbele na birika lake.

"Mzee Mogesi, unajua mkamwana wako hanywi chai yangu?"

"Labda chai yako ni mbaya."

"Hanywi hata maji. Tangu asubuhi mpaka Elia anapokuja kumshusha jioni. Unajua kwa nini?"

"Nitajuaje habari za tumbo la mkamwana wangu? Usiniletee maneno ya aibu."

"Choo chako, mzee. Mlango wake hata mimi naingia kwa ubavu. Na kina ngazi. Atakwendaje? Awaite vijana wanne wambebe mpaka chooni?"

Nimemfukuza. Haya si mambo ya kumwambia baba mkwe.

Lakini jioni nilipita nyuma nikaupima mlango wa choo kwa mkono wangu. Ni mwembamba kweli. Niliupunguza ili mbao za mlango zitoshe.

Machi 28

Wameondoka. Jana jioni habari ilifika kwamba kuna dhahabu imeonekana juu juu kabisa, upande wa Serengeti, kupita Natta, kwamba unakwangua kwa jembe tu. Asubuhi hii maduara yote hapa yamebaki na kamba zinaning'inia. Pikipiki zimeondoka tatu tatu, watu na koleo mgongoni. Elia naye. Nilimwambia, "Na mke wako atapandishwa na nani?" Akasema, "Baba, wiki moja tu, nikichelewa nakuta wameshagawana mashimo." Akamwambia mke wake akae nyumbani mpaka arudi.

Nyangoto imekuwa kijiji cha wazee, wanawake na mbwa.

Machi 30

Kimya. Hakuna anayepiga picha kwenye ngazi.

Aprili 2

Leo nitaandika hata hili, kwa sababu nilisema nitaandika siku kwa siku.

Rhobi hakukaa nyumbani. Ana sare za watoto zinazotakiwa shule ikifunguliwa, na mtu akiwa na kazi ya kwanza ya maisha yake mapya hakai. Nilikuwa kibarazani mapema, peke yangu, wapangaji hawajafika, Agustina hajawasha moto. Nikamwona anakuja barabarani anasukuma magurudumu kwa mikono yake, matope mpaka kwenye viwiko, sare kazifunga mgongoni kwa khanga. Wingu lilikuwa nyuma yake, jeusi.

Akafika chini ya ngazi. Akaniamkia, macho chini, akiniita baba kwa Kikurya. "Shikamoo, tata."

"Marahaba. Elia alikwambia ubaki."

"Nitangoja kina mama wafike, tata. Watanisaidia."

Basi tukangoja, yeye chini, mimi juu. Ndipo mvua ikaja, na siyo mvua tu, ilikuwa mvua ya mawe. Punje kubwa kama mahindi ya kuchemsha, zikawa kama ndimu. Bati zangu zilipiga kelele. Rhobi akainama akazifunika sare kwa mwili wake. Aliyainamia yale matambara ya watoto wa watu, na mawe yanampiga mgongoni, mgongo ule ule.

Nikashuka. Kiti nilikuwa na haki ya kukishika, kiti si mtu. Nikashika ile mikono ya nyuma, nikamwelekeza kwenye mteremko wangu. Nilijiambia kwamba nimeujenga mimi, nitaupanda mimi. Nina nguvu, kila mtu anajua nina nguvu.

Nusu ya kwanza tulipanda. Halafu niru yangu ikanikana. Maji na barafu juu ya ule uso wa kioo, viatu vyangu vikaondoka vyote viwili, nikapiga magoti. Kiti kikanirudia kifuani. Nikakizuia kwa bega, koti langu likachanika. Kikaanza kwenda pembeni, taratibu kabisa, pembeni ambako hakuna kingo.

Rhobi akageuka. Akanyoosha mkono wake nyuma, kwangu. Vidole vimefunguka vyote. Alisema, "Tata!" Mkono ulikuwa hapa, mbele ya uso wangu, karibu kuliko kalamu hii.

Na mimi nikaurudisha wangu.

Sikufikiri. Nimekaa na neno hilo mchana kutwa na ndilo la kweli: sikufikiri. Miaka yangu yote mkono huu umefundishwa, ukimwona mkamwana unarudi, na ulirudi. Aliondoka na kiti chake, akaangukia ubavu kwenye mawe ya ngazi zangu, yale yenye ukingo. Nilisikia mfupa.

Hata hapo sikumgusa. Mungu wangu. Alikuwa amelala kwenye maji, na mimi nikakimbia kutafuta nini? Bati. Nilichomoa bati lililobaki la ujenzi, nikasimama juu ya Rhobi, miguu huku na huku, nimelishika bati kwa mikono miwili juu yake ili barafu isimpige. Nikapiga kelele ya kuita watu. Mawe yakalipiga lile bati na mimi napiga kelele, na yeye chini ameukumbatia mkono wa kulia. Sare zilikuwa zinaelea.

Agustina ndiye aliyefika, kisha kina mama wengine. Wakamwinua wao.

Aprili 3

Mvua.

Aprili 5

Rhobi na kina mama wamerudi kutoka hospitali. Mkono wa kulia umevunjika kwenye kiwiko na kwenye kiganja. Plasta ngumu kutoka begani. Ule ndio mkono wa kuzungusha cherehani. Ule pia ndio mkono wa gurudumu.

Aprili 7

Wazee wa ukoo walikuja na pombe. Nilidhani wamekuja kunihukumu, nikavaa koti.

Walikuja kunisifu.

"Tumesikia," mkubwa wao alisema. "Wengine siku hizi wanashika wakwe zao mikono kama wauza nguo. Lakini Mogesi, barafu inapiga, mtoto ameanguka, hakuna anayekuona, na bado ulisimama na bati! Hukumgusa!"

"Hakumgusa," wengine wakaitikia.

"Vijana watahadithiwa hilo."

Mimi ndiye mtu ninayependa kusifiwa kuliko wote Nyangoto, sifichi. Nimeomba sifa kwa ngazi, kwa paa, kwa mshale wa paja. Leo nilipewa debe zima la sifa na sikuweza kumeza. Niliwaambia tumbo linauma. Hawajui habari ya mkono ulionyooshwa. Walidhani aliteleza tu. Anayejua ni mimi na yeye.

Aprili 8

Mvua. Sikutoka.

Aprili 11

Elia amerudi mikono mitupu, ana malaria. Alikaa na mke wake ndani, mimi nikiwa nje ya ukuta nachambua maharage. Sikwenda kusikiliza. Nilisikiliza.

"Ilikuwaje?"

"Mvua. Niliendesha kiti vibaya."

"Baba alikuwa wapi?"

"Tata ndiye aliyenifunika. Bila yeye barafu ingeniua."

"Kwa hiyo yeye hana kosa?"

"Nimekwambia ni mvua, Elia. Kunywa dawa yako."

Akanitetea! Mwanamke niliyemnyima kidole. Nikafikiri, anaona aibu kwamba alininyooshea mkono, ameufunika mkono wake ili afunike na wangu. Lakini mtu anayeanguka hana aibu ya kuomba. Kama kuna aibu pale, ilikuwa upande wangu peke yangu. Nimemwaga maharage yote.

Aprili 15

Felistas amekuja. Alikuta jengo wazi, wapangaji ndani kinyume na alivyoagiza. Nilidhani atapiga kelele. Alikwenda kwanza kumwona Rhobi nyumbani, akakaa naye muda mrefu, kisha akaja kwenye mteremko. Doa la damu mvua ilishaliosha, lakini alisimama pale pale.

"Rhobi anasema ni mvua," akaniambia.

Niliangalia matope.

"Nimeshaona majengo mengi, baba. Mvua inanyesha kote."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Nilikuwa na kurasa zangu zote za kumshtaki. Badala yake mdomo ukasema, "Niambie tena ile hesabu yako. Kimoja juu, mbele vingapi?"

Akaniangalia. Hakucheka, namshukuru. Akavua viatu vyake vya ofisini akaingia kwenye matope na futi, akashika ncha moja na mimi nyingine, tukapima pamoja mpaka kwenye maegesho ya pikipiki. Kati yetu na kibaraza zilisimama ngazi zangu.

"Itabidi ziondoke," akasema.

"Nimeziona."

Aliniambia pia wapangaji watoke mpaka atakaporudi. Wametoka wakinitukana.

Aprili 16

Nimevunja ngazi. Kwa nyundo ileile niliyochongea. Nashoni alifunga mashine yake akaja kusimama na mimi.

"Ulisema wembe hauingii humo," akanipigia kelele.

"Hauingii."

"Na nyundo?"

Nyundo iliingia. Nimevunja mpaka jua limezama, na yale mawe yenye ukingo nimeyafukia chini kabisa, yawe kifusi cha njia mpya. Halafu nikavunja na ule mteremko wa niru. Ule nilivunja kwa furaha.

Aprili 19

Mvua. Siwezi kumwaga zege.

Aprili 20

Mvua.

Aprili 23

Mvua. Nimepanua mlango wa choo badala yake, na nimeondoa ngazi yake. Agustina aliingia kujaribu, akatoka akasema, "Sasa ni choo cha wakubwa." Mara ya kwanza kunisifu. Nikarudi kwenye matofali.

Mei 3

Zege limemwagwa, refu, limelala chini kama mbwa aliyeshiba. Kingo pande zote mbili. Nimelikwaruza kwa fagio. Fundi mwenye jina kama langu amekwaruza zege lake mwenyewe kwa fagio mbele ya watu.

Mei 16

Plasta imetolewa. Mkono umepona kwa kupinda. Kiwiko hakinyooki, na vidole viwili havifungi. Daktari amesema ndivyo utakavyokuwa.

Nilifanya hesabu ambayo Felistas hakunipa. Kiti kina magurudumu mawili na kinataka mikono miwili. Ukisukuma moja tu, unazunguka mahali pamoja. Nimejenga njia nzuri kuliko zote wilayani, na mtu niliyemjengea hawezi kuipanda. Atasukumwa. Atasukumwa maisha yake yote, kwa sababu yangu.

Sikula.

Mei 17

Nimekwenda kwa Elia nikaomba niazime kiti cha Rhobi. Hakuuliza. Nikakipeleka kwenye mteremko, nikakaa.

Ndiyo. Mimi. Mchana, watu wanapita. Nashoni aliacha mashine ikisaga hewa, akaja akicheka mpaka machozi. "Mogesi, umekufa miguu?"

"Nishikie mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Usiuachie."

"Eh?"

"MKONO!"

Akaushika. Nikajaribu kupanda kwa mkono mmoja. Nikazunguka. Nikazunguka tena. Halafu nikaunyoosha ule mkono mzima pembeni, ukatafuta kitu cha kushika, haukupata. Nikaona pale ndipo pa kuweka bomba la kushikia. Siyo bomba la watu wanaosimama. Bomba la chini, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa, upande wa kushoto, lianzie chini kabisa na lifike mpaka mlangoni kwake. Nashoni alichora alama ukutani kwa mkaa, mimi nimekaa.

Alikuwa ameacha kucheka.

Mei 21

Fundi wa kuchomelea amemaliza bomba. Nimelipaka rangi ya kijani, anayoipenda Rhobi. Nimeulizia kwa Elia.

Mei 27

Mvua zimekwisha. Felistas alikuja na kiti chake kitupu. Bila kuambiwa nikaleta mfuko wa simenti mwenyewe, nikaukalisha, nikaufunga kwa khanga ya Agustina. Tukauweka katikati ya njia, tukauachia. Mfuko ukashuka polepole kama mzee anayekwenda kanisani, ukagusa ukingo, ukasimama. Agustina alikuwa ameshaficha maandazi yake, akayarudisha mezani.

"Limepita," Felistas akasema, akatoa kalamu.

"Bado," nikamwambia. "Usiandike."

Rhobi alikuwa amefika chini. Watu walikuwepo wengi, vijana wamerudi kutoka Serengeti na pua zao zimebabuka, na wawili wakasogea kumbeba. Nikawapigia kelele wasiguse.

Akashika bomba kwa mkono wa kushoto. Akajivuta. Ule mkono uliopinda aliuegemeza kwenye gurudumu, usimrudishe nyuma. Akajivuta tena. Alipumzika mara nyingi. Hakujifunika uso. Hakuna aliyeimba. Mimi nilisimama chini, siyo juu, na mikono yangu niliiweka nyuma ya mgongo kama mtu aliyekamatwa.

Akafika kibarazani. Akaingia dukani kwake kwa mlango wa mbele. Mwenyewe.

Baada ya muda akatokeza mlangoni, macho chini kama kawaida. "Tata, koti lako limechanika begani tangu siku ile ya bati. Mpe Elia alilete. Agustina atazungusha, mimi nitaongoza kitambaa."

"Sitalileta," nikamwambia.

"Kwa nini, tata?"

Nikageuka nikaurudisha mfuko wa simenti stoo. Koti lile nataka likae limechanika.

Juni 2

Masika yamekwisha na maandishi haya yamekwisha. Nilianza ili nimshtaki mtu na nimeona ni nani wa kushtakiwa. Wazee wa ukoo bado wanahadithia habari ya bati. Jana niliwaita nikawaambia ukweli wa mkono ulionyooshwa. Mkubwa wao akasema hata yeye angeurudisha. Haikunisaidia. Nikamwambia, "Basi nawe kapime jengo lako." Ana nyumba ya wageni barabarani, ngazi zake ni ndefu kuliko zilivyokuwa zangu.

Nani atasimama kushuhudia kwamba niliyoandika ni kweli? Wapo. Muulizeni Felistas Awino, mkaguzi, habari ya mfuko wa simenti, mara zote mbili. Muulizeni Agustina, ndiye aliyenikuta na bati na ndiye aliyemwinua. Muulizeni Nashoni, mpigieni kelele sikio la kushoto, aliushika mkono wangu nyuma ya mgongo. Na muulizeni Rhobi mwenyewe, yuko fremu ya kwanza kila siku isipokuwa Jumapili, ni mwanamke wa kweli na kila atakalowaambia liaminini, isipokuwa moja. Mkimuuliza kuhusu mkono wake, atawaambia ni mvua.